Nilimkosea Mzee, Nikaikosea na Kansas City

Naungama kosa nililolifanya kiangazi kilichopita, nilipompeleka jirani yangu Kansas City kutazama besiboli. Mzee huyu amevuka miaka themanini. Alizaliwa huko, na tangu nihamie Des Moines yeye ndiye aliyenifundisha mchezo huu, barazani kwake, redio ikitangaza: kwa nini mrushaji hubadilisha kasi ya mpira, kwa nini mpigaji hodari huacha mipira mingine impite. Nilipomwambia nataka kumpeleka kwao, hakuulizia uwanja. Aliomba afike kwenye makumbusho ya besiboli ya ligi za Weusi, mtaa wa 18 na Vine, kwa sababu utotoni baba yake alikuwa akimchukua kwenda kuwatazama Kansas City Monarchs, timu ya mji huo katika ligi hizo.

“Tutafika, Mzee, usiwe na wasiwasi,” nikamjibu. Kisha nikakaa kupanga safari, na ombi lake nikalisahau.

Nilitazama tu ratiba ya Royals, timu ya Kansas City katika Ligi Kuu ya besiboli. Timu ya Ligi Kuu hucheza mechi 162 kwa msimu, nusu yake nyumbani, lakini hukaa nyumbani siku chache kisha hufunga safari. Nikaona mechi ya Jumatatu usiku, tiketi nafuu, nikanunua. Nikachukua hoteli karibu na uwanja wa Kauffman, ambao uko mashariki, kando ya barabara kuu, mbali na katikati ya mji. Tungefika Jumatatu mchana na kuondoka Jumanne alfajiri niwahi zamu yangu. Hapa kwetu anayetaka kutembea huenda Chicago, na Kansas City huonekana mji wa kupitia. Nami niliamini hivyo, nikaupa usiku mmoja.

Saa za makumbusho sikuziangalia. Jumatatu hufungwa.

Ni mwendo wa saa tatu kwa barabara ya I-35. Mzee alivaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia ya Monarchs. Magoti yanamsumbua, kwa hiyo tulipofika kwenye makumbusho nilimwacha garini nikaenda mlangoni peke yangu. Nikasoma tangazo. Niliporudi nilimwambia, “Wamefunga leo kwa dharura, Mzee.” Aliutazama mlango kitambo, akasema twende. Kukosea ratiba ni uzembe. Kumdanganya mtu aliyeniamini ni kosa kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Usiku ule uwanjani, maji yalikuwa yakiruka kwenye chemchemi nyuma ya uzio, taa zikiwaka. Mzee aliniambia kwamba Monarchs walicheza usiku tangu 1930, kwa taa walizozibeba kwa malori kutoka mji hadi mji, miaka mitano kabla ya Ligi Kuu kuwasha taa zake Cincinnati. Halafu akaniomba nimtafutie kiti chekundu. Kati ya viti vya bluu vya Kauffman kuna kimoja chekundu, kwa heshima ya Buck O’Neil, aliyeichezea Monarchs, akaiongoza, na baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha makumbusho yale mwaka 1990. Nikamwonyesha kwa kidole. Ndicho kitu pekee cha Monarchs alichokiona siku ile.

Baadaye nilirudi kwenye makumbusho peke yangu siku ya Jumamosi, ndipo nikajua nilichomnyima. Ndani kuna uwanja mdogo wenye sanamu za shaba za wachezaji, kila mmoja mahali pake. Unapoingia unauona kupitia uzio wa waya, na huruhusiwi kuukanyaga mpaka umalize kuisoma historia yote, kama wachezaji Weusi walivyozuiwa kucheza katika Ligi Kuu mpaka 1947, Jackie Robinson alipoingia Brooklyn Dodgers. Miaka miwili kabla ya hapo, Robinson alikuwa mchezaji wa Monarchs. Karibu na hapo, mtaa wa Paseo, lipo jengo la YMCA ambamo Rube Foster na wenye timu wenzake walianzisha ligi yao Februari 1920. Ligi Kuu ilisubiri hadi Desemba 2020 kukiri kwamba ligi zile zilikuwa na hadhi sawa na yake. O’Neil alifariki 2006, na jina lake likaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la besiboli mwaka 2022. Mji wenye historia hii niliupa usiku mmoja.

Nilitaka kurudi na Mzee, lakini daktari amemkataza safari ndefu. Basi nilikwenda barazani kwake nikamweleza ukweli: hapakuwa na dharura yoyote, sikuwa nimeangalia, na niliona haya kukiri. Akanyamaza. Kisha akasema mlango uliofungwa angenisamehe palepale, na kwamba siku ile tungeweza kulala usiku wa pili, kwani hakuwa na haraka ya kurudi. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Zamu ile ningeweza kuibadilisha kwa simu moja.

Amenisamehe. Hilo halimrudishii alichokikosa.

Kwa hiyo nakuomba wewe unayepanga safari ya besiboli kiangazi hiki: anza na haja ya mtu unayempeleka, halafu tafuta mechi inayolingana nayo. Usidharau mji kwa kuwa hausifiwi. Ipe Kansas City siku mbili kamili, usiifikie Jumatatu, na uende 18 na Vine kabla ya kwenda uwanjani, kwa sababu mchezo utakaoutazama usiku una deni kwa watu wa mtaa ule. Na ukikosea, mwambie ukweli mwenzako papo hapo, mngali na nafasi ya kurekebisha.