Profesa Akistaafu, Akalie Kiti Gani?

Nyumbani Afrika Mashariki, mwalimu wa chuo kikuu akistaafu, heshima yake huongezeka na kazi yake hupungua. Ataombwa awe mwenyekiti wa kamati ya harusi, msemaji wa ukoo msibani, mgeni rasmi kwenye mahafali ya shule ya kata. Lakini ujuzi alioukusanya maisha yake yote, wa kulisoma andiko la utafiti na kuona penye ufa, mara nyingi hulala bila kuguswa.

Naishi kaskazini mwa Uingereza, na sasa nafundisha muda mfupi tu. Nafasi iliyobaki nimeigawa kati ya kamati ya maadili ya utafiti wa afya na kituo cha mtaani kinachogawa chakula kwa familia zilizopungukiwa. Kazi hizo mbili zimenifanya niamini kwamba wastaafu wetu wa Afrika Mashariki wana kazi kubwa inayowasubiri: kuwasemea watu wanaofanyiwa utafiti.

Huku, mtafiti anayetaka kujaribu dawa kwa wagonjwa wa huduma ya afya ya taifa, yaani NHS, hawezi kuanza mpaka kamati ya maadili iridhie. Kwa kawaida kamati haizidi wajumbe 18, na wakiwa chini ya 7 kikao hakina akidi. Angalau theluthi moja lazima wawe raia wa kawaida ambao taaluma yao si utabibu. Ukifika kikaoni utamkuta daktari bingwa na mtaalamu wa takwimu, na pembeni yao mwalimu mstaafu, mhasibu, aliyekuwa mkutubi. Hakuna anayelipwa. Unarudishiwa nauli tu, na siku hizi vikao vingi ni vya mtandaoni, basi hata nauli haipo.

Utaratibu huo haukuzaliwa na wema wa madaktari. Mwaka 1967 daktari wa London, Maurice Pappworth, alichapisha kitabu kilichofichua majaribio ambayo wagonjwa wa hospitali za nchi hii walifanyiwa bila kuelezwa. Wenzake wengi walimkasirikia, lakini mwaka huohuo chuo cha kifalme cha matabibu kilipendekeza tafiti zipitiwe na kamati. Kilichojengwa tangu hapo kina msingi mmoja: mtafiti, hata awe mwema namna gani, hawezi kuwa hakimu wa kazi yake mwenyewe.

Maombi tunayopitia ni siri ya kikao, kwa hiyo sitayasimulia. Maswali tunayouliza si siri. Mama huyu akitaka kujitoa katikati ya utafiti, matibabu yake ya kawaida yataendelea? Damu iliyotolewa itakaa wapi, kwa miaka mingapi, na nani ataruhusiwa kuitumia? Mgonjwa akizidiwa usiku, atampigia nani simu? Nimeona kikao kizima kikisimama kwa sababu mjumbe asiye daktari amesema, "Mimi ningekuwa mgonjwa, karatasi hii ingenitisha." Mtafiti akarudishwa akaiandike upya.

Afrika Mashariki nako mlango wa utafiti una walinzi. Tanzania ina taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979 na yenye kamati ya taifa ya maadili. Muhimbili na Ifakara zina kamati zao, na tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH, hutoa vibali vya utafiti. Kenya ina NACOSTI, inayotoa vibali vya aina hiyo. Wala sisi si wageni wa sayansi hii. Jaribio kubwa la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009, lilishirikisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, vikiwemo Bagamoyo, Korogwe na Kilifi. Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza chanjo hiyo mwaka 2021, lilisimama juu ya ridhaa ya wazazi wa kwetu, waliotoa mikono ya watoto wao ichomwe sindano.

Na lipo jambo ambalo nyumbani tunawazidi Waingereza. Kamati ninayokaa mimi haimjui mgonjwa: hatujui anaishi mtaa gani wala jirani zake wanasema nini. Kule kwetu mtafiti hupita kwa mwenyekiti wa kijiji, mkutano huitishwa, watu huuliza hadharani. Kilifi wamekwenda mbele zaidi. Wananchi huchagua wawakilishi wao wa kuzungumza na watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, nao hupeleka malalamiko na minong'ono ya mtaani mahali inapoweza kujibiwa. Huku jambo kama hilo wanalihangaikia sana.

Tunachopungukiwa ni daraja kati ya mkutano wa kijiji na meza ya kamati. Miongozo ya kimataifa inataka raia wa kawaida wakae kwenye meza hiyo, lakini raia mmoja kati ya maprofesa kumi hunyamaza. Wakiwa watatu au wanne, na mmoja wao ni muuguzi mstaafu aliyezalisha wilaya nzima, hawanyamazi.

Najua mtu atauliza habari ya posho, na ni swali la haki. Huku mtu wa umri wangu anajitolea kwa sababu nchi imemshikia mambo mengine: matibabu hayamgharimu anapougua, na akifikia umri wa pensheni ya serikali, basi la mtaani hupanda bure. Mstaafu wa Mbagala anayehesabu kiinua mgongo chake baada ya mjadala wote ule wa kikokotoo cha pensheni hawezi kudaiwa moyo huohuo kwa nauli yake mwenyewe. Arudishiwe nauli, apewe chakula, alipiwe bando la kusomea maandiko. Huko si kumnunua.

Kujitolea kwenyewe hatukuanza jana. Huku, kabla sijaruhusiwa kupanga makopo ya maharage katika kituo cha chakula, nilijaza fomu, nikatafuta wadhamini, nikasubiri mafunzo, kisha nikapangiwa zamu. Nyumbani mbiu ya msiba haina fomu. Mtu husikia, akaja na jembe. Nauthamini utaratibu wa huku, maana unamhakikishia mwenye shida kwamba Jumanne ijayo mtu atakuwepo. Moyo wa nyumbani, ukipewa utaratibu wa aina hiyo, utafika hata kwenye mambo yasiyo na kilio wala vigelegele, kama kusoma kurasa sitini za andiko la utafiti usiku kwa niaba ya mtu usiyemjua.

Basi ombi langu ni kwa pande mbili. Wakuu wa kamati za maadili, tangazeni nafasi za raia waziwazi, misikitini, makanisani na kwenye redio za jamii, na muwape mafunzo watakaokuja. Nanyi wazee wangu na walimu wangu mliostaafu, msingoje kuitwa. Mpeleke barua kwenye kamati iliyo karibu nanyi, mseme mnaweza kusoma, mnaweza kuuliza, na mnaijua jamii yenu.