Kwa Mpwa Anayeanza Kazi: Deni na Nafasi ya Kukataa

Fedha aliyonayo mtu huamua kazi anazoweza kuzikataa, na kazi aliyonayo huamua aina ya deni anayoweza kupewa. Jambo hili huonekana waziwazi kwa madereva wa bodaboda nchini Tanzania. Kijana asiye na fedha taslimu huichukua pikipiki kwa mkataba: tajiri hutoa chombo, dereva hupeleka hesabu kila siku au kila wiki mpaka muda walioandikishana uishe, ndipo chombo kiwe chake. Hesabu zote zikijumlishwa huzidi bei ya dukani kwa mbali. Mafuta na pancha kwa kawaida ni juu ya dereva, na mvua ikinyesha kutwa nzima hesabu haipungui. Ndiyo maana saa nne za usiku, akiwa bado amepungukiwa elfu mbili, hubeba abiria ambaye mchana angemkwepa. Akipata nafasi ya kusomea ufundi miezi mitatu, hata ada ikilipwa na mjomba, hawezi kwenda; pikipiki ikilala siku chache tu, tajiri huichukua.

Mwajiriwa hufungwa kwa kamba laini zaidi. Mhitimu aliyesomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na mchango wake wa NSSF unaweza kufika asilimia 10. Mwenye shilingi 600,000 bila posho hubakiwa na 450,000, na kodi bado. Benki nayo huja na mkopo wa miaka kadhaa unaokatwa kabla mshahara haujamfikia. Hapo ndipo vijana wengi hujifunga wenyewe, tena kwa furaha, mara nyingi kwa ajili ya gari au harusi. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inazuia makato kuzidi theluthi mbili za mshahara. Kinga hiyo ni nzuri, ila theluthi inayobaki huishia kwenye kodi ya nyumba na unga. Haimtoshi mtu kuacha kazi mbaya na kutafuta nyingine.

Mikopo ya kausha damu, ile ya mitaani yenye riba kubwa mno, haihitaji maelezo marefu. Anayekopa huko ili ale atafanya kazi yoyote, kwa ujira wowote.

Deni linalobebeka ni lile linalolipwa na chombo kilichonunuliwa, tena likaisha kabla chombo hakijachakaa. Kabla ya deni hilo inafaa iwepo akiba ya matumizi ya miezi mitatu. SACCOS ni mahali pazuri pa kukuza fedha, lakini akiba ya mwanachama mwenye mkopo ni dhamana na haitoki kwa haraka. Vikoba navyo vingi huvunjwa mara moja kwa mwaka. Fedha ya kuhama kazi ikae panapotoka siku hiyohiyo, hata kama haizai.