Brussels kushoto, Dar kulia

Kwa mstari wa anga, kutoka Bujumbura hadi Brussels ni karibu kilomita 6,470. Hadi Dar es Salaam ni kama 1,160 tu, haifiki hata sehemu moja ya tano. Ukurasa wa kushoto wa daftari nimeuachia Brussels, wa kulia Dar.

Kwanza saa. Ukishuka Brussels mwezi wa Juni huna haja ya kugusa saa ya mkononi, maana mishale inakubaliana na ya Bujumbura. Kule jua linazama karibu saa nne usiku, huku Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, taa zimeshawaka zamani, lakini saa ni ileile. Mwishoni mwa Oktoba Wabelgiji hurudisha saa zao nyuma, ndipo Burundi inawatangulia kwa saa moja. Dar, jirani yetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, iko mbele yetu kwa saa moja mwaka mzima. Hapo tiketi humchanganya mgeni. Ndege ya jeti isiyotua njiani huchukua chini ya saa mbili; ikiondoka Bujumbura saa nane mchana, Dar itafika saa kumi na dakika arobaini na kitu. Ikirudi kesho yake saa nane, itatua kabla ya saa tisa. Umbali haukupungua, wala rubani hakukanyaga mafuta zaidi.

Kwa mwendo wa kilomita 850 kwa saa, Brussels ingefikiwa kwa saa nane hivi. Ila mara nyingi ndege ya Brussels hupitia Entebbe au Kigali. Kupitia Entebbe hakuongezi hata kilomita 300. Muda huliwa ardhini, watu wakishuka na kupanda, mafuta yakijazwa, nawe umekaa kitini. Hata hivyo ni njia ya zamani: Bujumbura ilipoitwa Usumbura, hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962, wakubwa wake wa mwisho walitoka Ubelgiji.

Anayekwenda Dar kwa basi ana hesabu nyingine kabisa. Ni zaidi ya kilomita 1,500 kupitia mpaka wa Kobero, mchana na usiku na pengine mchana mwingine. Wa Brussels atakuwa amekwisha kulala kitandani.

Safari inayonishangaza zaidi haimo katika kurasa hizo mbili. Gitega ndiyo makao makuu ya kisiasa ya Burundi tangu 2019, lakini ndege za kimataifa zinatua Bujumbura, uwanja wa Melchior Ndadaye, mita 780 hivi juu ya usawa wa bahari. Gitega ni kilomita 100 hivi kwa barabara, ukipanda milima ya Bugarama nyuma ya malori, na vijana wa baiskeli wakiwa wameyashikilia kwa nyuma ili yawavute. Mwenye miadi Gitega anaweza kukaa barabarani muda mrefu kuliko aliokaa angani kutoka Nairobi.