Tulipozijua apdeti kwa namba

Mafundi kompyuta wa rika langu tulizijua apdeti kwa namba. Agosti 2003, kirusi cha Blaster kilipokuwa kikizima Windows XP huku sekunde 60 zikihesabiwa kurudi nyuma mbele ya macho yako, namba iliyokuwa midomoni mwetu ni KB823980. Dawa ilishatoka tangu Julai, kazi ilikuwa kujua nani anayo. Unafungua orodha ya programu, unashuka nayo taratibu. Namba isipokuwepo, unachomeka CD. Nyaya za baharini zilikuwa bado kufika pwani yetu (zilikuja 2009), na intaneti ya setilaiti ilikuwa ghali, kwa hiyo apdeti ilishushwa mara moja ikazungushwa ofisi nzima.

Kufikia 2017 mambo yalikuwa yamebadilika. Kirusi cha WannaCry kilipolipuka Mei 12 na hospitali za Uingereza zikaanza kurudisha wagonjwa, kila fundi alikimbilia dirisha jeusi, akaandika amri ya wmic qfe list, akasaka KB4012212, kinga ya Windows 7 iliyotolewa Machi. Wengi hawakuiona, wakashtuka bure. Tangu Oktoba 2016 apdeti zilikuwa zikifungashwa pamoja kila mwezi, na furushi la Mei lilibeba kinga ya Machi bila kuitaja namba yake. Ushahidi wa kweli ulikuwa kwenye faili lenyewe: unaingia System32, kisha drivers, unabofya kulia srv.sys, unasoma toleo. Ikiwa ni 6.1.7601.23689 au zaidi, mashine imekingwa. Naipenda mno kazi ile ya kuona kwa macho yako na kuwa na hakika.

Leo kijana ukimuuliza kama mashine ina kinga fulani, anakujibu, "Inajisasisha yenyewe, mzee." Na ni kweli. Sitaki turudi enzi za Windows za kuchonga, apdeti zimezimwa makusudi ili mwenye ofisi asibanwe na leseni. Mashine zile ndizo zilizoumia. Lakini inaniuma kwamba hata wmic inaondolewa kwenye Windows 11, na vijana hawajui kilichomo ndani ya apdeti wanazopokea. Zamani apdeti moja ikikorofisha printa, uliitoa hiyo hiyo, nyingine zikabaki. Sasa ukitoa furushi la mwezi, umetoa na kinga zote mpya zilizokuja nalo, na mhasibu bado anasubiri kuchapa mishahara.