Mti Wenye Sauti

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Methali hii tuliirudia mara nyingi katika kwaya yetu ya vijana huko Kibosho, mpaka siku ile gitaa letu lilipotukatizia wimbo mbele ya watu. Ilikuwa harusini. Bibi arusi alikuwa anaingia, nasi tumekwisha kuanza ubeti wa pili, mara daraja linaloshika nyuzi liking'oka, na nyuzi zote sita zikalegea kwa mpigo mmoja. Tulimaliza wimbo kwa makofi. Hakuna aliyetulaumu, lakini kimya cha wazee kilitufunza kwamba viko vyombo ambavyo mtu asipovichagua na kuvitunza, navyo havimsitiri.

Kosa lilikuwa letu. Gitaa lile tulilinunua kwa kutazama mng'ao wake, kisha tukalihifadhi darini juu ya moto wa jikoni, tukidhani tunalikinga na unyevu wa masika. Hatukujua kuwa mti hata ukikatwa hauachi kunywa maji na kuyatoa. Hewa ikiwa na unyevu, ubao huvimba. Ikikauka, ubao husinyaa. Joto la moto liliukausha ubao na kuidhoofisha gundi, mpaka daraja likaachana na uso wa gitaa.

Basi tukaanza upya. Kwa misimu miwili tuliuza ndizi na kufanya vibarua vya kuchuma kahawa, hata tukapata fedha za kununua gitaa la bei ya kati: si la kuchezea watoto, wala si la thamani ya ng'ombe wawili. Tulitaka gitaa kavu lenye kinasa sauti ndani yake, liweze kupigwa kibarazani bila umeme, na ukumbini kwa kuungwa na kikuza sauti.

Yawezekana msomaji akauliza: gitaa limeingiaje katika habari za utamaduni wa Taifa? Tarehe 10 Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipolihutubia Bunge, alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akasikitika kwamba waliosoma walifundishwa ngoma za wageni na kuzidharau za kwao. Hata hivyo, hakututaka tuvitupe vya watu wengine. Taifa lisilojifunza kwa wengine nalo hudumaa. Gitaa lilikuja na wageni, lakini lilikwisha kujifunza lugha zetu. Hapa hapa Moshi alizaliwa Frank Humplick, ambaye katika miaka ya 1950 alivuma Afrika Mashariki kwa gitaa lake na sauti za dada zake. Huko Morogoro, Mbaraka Mwinshehe alilisemesha gitaa Kiswahili mpaka alipofariki mwaka 1979. Chombo kikishalia na kucheka pamoja na watu, kimekwisha kuwa chao.

Tulishuka mjini pamoja na mzee mmoja seremala wa kijijini kwetu. Katika duka tulikuta magitaa mawili ya bei moja. La kwanza lilikuwa na mgongo mweusi wenye mistari ya zambarau, na cheti chake kilisema ni rozwudi, mti ulio jamaa ya mpingo wetu. La pili lilikuwa jekundu lililofifia, mgongo wake wa mkangazi, bila urembo wowote. Vijana wote tulilikimbilia la kwanza. Sisi ni watoto wa nchi ya mpingo, tukasema. Mti mweusi ndio mti wetu.

Mzee hakutubishia. Aliyashika magitaa yote mawili, akachungulia ukingo wa tundu la katikati. "Wanangu," akasema, "msitazame mgongo kwanza. Tazameni uso." Uso wa gitaa jeusi ulikuwa wa plaiwudi: pale ukingoni zilionekana tabaka tatu zilizogundishwa. Uso wa gitaa la pili ulikuwa ubao mzima wa sprusi, mti wa nchi za baridi ulio jamaa ya misonobari. Mistari yake ilianzia juu ikashuka moja kwa moja katika unene wa ubao, bila kukatika.

Ubao wa uso ndio moyo wa sauti. Uzi peke yake husukuma hewa kidogo mno. Mtikisiko wake hupita darajani ukauingia uso, nao uso ndio unaoitikisa hewa hata sauti ikajaa chumba. Kwa hiyo uso hutakiwa uwe mwepesi, lakini mkakamavu. Sprusi ina uzito wa kilo 400 hivi kwa mita moja ya ujazo, na sifa hizo mbili inazo pamoja. Mpingo hupita kilo 1,200, hata ukiutia majini huzama. Ukiufanya uso wa gitaa, utakaa kimya kama meza.

Neno hilo lilituuma kidogo. Lakini mzee akatuambia tugeuke nyuma, akampa mmoja wetu ayapige magitaa yote mawili kwa zamu, bila kututajia lipi ni lipi. Mara tatu tulichagua, na mara zote tatu wengi wetu tulilichagua lile la mkangazi. Macho yalikuwa yametudanganya, na masikio yakatusahihisha.

Baadaye tulisoma kwamba wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walitangaza jaribio kama hilo mwaka 2018. Waliagiza magitaa sita ya umbo moja, yaliyotofautiana miti ya mgongo na mbavu tu, wakawapa wapigaji 52 katika mwanga hafifu, wamevaa miwani ya giza. Wapigaji hawakuweza kuitambua miti ile, wala hawakuona miti ya bei kubwa kuwa bora kuliko ya rahisi. Naye fundi mashuhuri wa Hispania, Antonio de Torres, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye uso wa sprusi, lakini mgongo na mbavu zake ni za karatasi nzito, nalo lililia.

Hatukununua kabla ya kumaliza ukaguzi. Tuliitazama shingo kwa urefu wake, kama seremala atazamavyo ubao, tuone kama imepinda. Tulibonyeza kila uzi katika kila kituo cha shingo, tusikie kama kuna unaokwaruza. Mwisho tulikiunga kinasa sauti, kijiwe chembamba kilichofichwa darajani ambacho hugeuza mkandamizo wa nyuzi kuwa umeme, tukasikiliza kama nyuzi zote sita zinatoka kwa nguvu sawa. Lakini tulilisikiliza kwanza bila umeme, kwa kuwa kikuza sauti hukuza hata ubaya.

Je, mpingo wetu umeshindwa? Hasha. Ni mti wa Taifa letu, na ulimwenguni kote mafundi huutafuta kwa zumari na klarineti, kwa sababu ni mgumu, una mafuta, na hausumbuliwi upesi na pumzi ya mpigaji. Lakini huchukua miaka 70 au zaidi kukomaa, na umekatwa kuliko unavyopandwa. Ndiyo maana mwaka 1996 Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea wa Kibosho, alishirikiana na mwenzake wa Marekani kuanzisha mradi wa kuhifadhi mpingo hapa Moshi. Aliwaongoza wanafunzi na wanavijiji kuotesha miche mpaka alipofariki mwaka 2014.

Gitaa letu la mkangazi sasa linatundikwa ukutani, mbali na moto, ndani ya mfuko wake. Tumekwisha kuliimbia harusi nyingi, nalo halijatukatizia ubeti. Na katika shule moja ya tambarare, ambako joto huufaa mpingo, tumepanda miche 30. Hatutaisikia sauti yake. Watakaoisikia watahitaji masikio yaliyofunzwa, na hayo nayo hapana budi tuyapande sasa.