Mfungue Mdomo

Mara ya kwanza nilimchora Christopher Monyoncho kwa penseli, nikiangalia picha ndogo kwenye simu. Nikatoka Nairobi nayo hadi Nyacheki, nikampa tata. Akaitazama kwa muda. "Asante mwanangu, umechora vizuri." Kichwa cha Monyoncho kilikuwa chini.

Nilijua macho yanamsumbua. Sikujua presha ya macho ilikuwa imemaliza karibu kila kitu. Kwa simu alikuwa ananiambia yuko fiti.

Usiku huo redio ilipiga benga. Tata, aliyenilea kwa kanda za Monyoncho, akawa anafuata gita kwa vidole, juu ya goti lake. Nikajua nimekosea wapi.

Kesho yake nikapanda boda kwenda Tabaka kutafuta jiwe. Jiwe la Kisii ni laini, ukililowesha kisu kinaingia. Lakini mimi ni mtu wa penseli. Pua ilivunjika mara mbili, na vidole vyangu vikapasuka. Nikamaliza kwa kulisugua na msasa ndani ya karai la maji.

Tata akapitisha kidole gumba kwenye paji la uso, mashavu, mdomo. Akanyamaza.

"Ni Monyoncho?" nikauliza.

"Mbona amefunga mdomo? Huyu haimbi. Mfungue."

Nikachukua kisu, nikasita. Mdomo uwe wazi kiasi gani? Tata akashika mkono wangu, akauweka mdomoni pake, akaanza kuimba.