Vumbi la Nakshi

Ukipita Lamu kando ya pwani utawasikia mafundi wa nakshi kabla hujawaona. Zamani ilikuwa sauti ya nyundo na patasi tu. Siku hizi imeingia ya mashine ya msasa. Mgeni aliyeshuka jana ataka kasha lake, na kesho kutwa asafiri.

Patasi hutoa mabanzi, yakaanguka miguuni yakafagiwa. Mashine hutoa unga, na ule mwembamba usioonekana ndio uelea­o hewani ukashuka mpaka mapafuni. Unga wa mvule wajulikana kwa kuleta pumu na kuwasha ngozi. Tena mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika mambo yaletayo saratani kwa binadamu, hasa ya pua.

Nina jamaa yangu katika kazi hii. Kila asubuhi hukohoa, na kila akiulizwa husema ni baridi. Lakini Ramadhani karakana yao ikifungwa, kifua hutulia. Idi ikipita, kikohozi hicho. Nikamwambia, "Kaka, ni baridi gani hii isiyokujua Ramadhani?" Akacheka, akaendelea kupiga msasa. Kifua kinachotulia mtu akiwa mbali na kazi, kikamrudia arudipo, ni habari ya kumweleza daktari waziwazi, pamoja na kazi uifanyayo. La sivyo utapewa dawa ya kikohozi uende zako.

Wako wajifungao kikoi puani. Kikoi huzuia mabanzi, unga hupita. Yatakiwa barakoa ya kazi za vumbi, iushike uso barabara. (Wenye ndevu haiwashiki vyema, na wengi wetu tunazo.) Kwa hivyo lililo bora ni kulipunguza vumbi lenyewe: msasa upigwe nje, upepo ukichukua unga mbali na mtu, na sakafu ipanguswe kwa kitambaa kibichi, isifagiwe kavu. Nawe mama, shati la karakana usilikung'ute ndani penye mtoto mchanga; litie majini.

Mwenye karakana naye asiseme hayamhusu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, yamlazimu kuwakinga wafanyakazi wake na vumbi.

Jamaa yangu amenunua barakoa mbili. Moja i msumarini, ingali katika karatasi yake. Ya pili amempa kijana anayemfundisha, na huyo huivaa.